Lodi balansa zimefika mwisho wa msaada: tununue maboksi mapya ya kufungua SSL au seva za kawaida? (uzi mrefu kidogo)

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu. Hili jambo nimekaa nalo miezi mitatu, leo nimeamua kulileta jukwaani maana naona watu wengi wa TEHAMA kwenye taasisi zetu wanapita njia hii hii na wanaishia kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Niko Dar, nashughulikia mitandao na seva kwenye taasisi moja, sitaitaja. Tuna mfumo ambao wananchi wanaomba huduma na kulipia kwa simu. Mbele ya mfumo kuna maboksi mawili ya lodi balansa (kifaa kinachogawa wateja kwenye seva za nyuma), moja linafanya kazi na lingine linasubiri mwenzake afe, na hayo maboksi ndiyo yanafungua SSL yote (usimbaji unaolinda data kati ya kivinjari na mfumo), nyuma yake seva zinapokea trafiki ikiwa wazi. Sasa muuzaji katuandikia barua kwamba msaada umeisha, fimwea mpya hakuna, vipuri hakuna, na kwenye barua hiyo hiyo kaambatanisha profoma ya maboksi mawili mapya kwa dola. Bosi alipofika kwenye mstari wa jumla alivua miwani akaiweka mezani.

Kabla sijasema tunataka kufanya nini niwaeleze kilichotokea mwaka jana, maana bila hicho na mimi ningesaini ile profoma.

Ilikuwa siku ya mwisho ya dirisha la maombi. Saa mbili usiku simu zikaanza, ukurasa haufunguki, wengine unafungua nusu, picha hazionekani. Nikakimbia chumba cha seva. Seva za nyuma zimelala kabisa, hazina kazi. Laini ya intaneti haijafika hata nusu. CPU ya lodi balansa iko asilimia thelathini na kitu. Kila kitu kizuri na wananchi wanalia. Nikafungua logi ya boksi, kuna mstari mmoja unajirudia mpaka skrini inakimbia: kikomo cha miamala ya SSL kwa sekunde kimefikiwa. Leseni yetu ilikuwa ya miamala 500 kwa sekunde, yaani handisheki 500 (ile salamu ya mwanzo ya SSL kati ya kivinjari na seva). Chipu ndani ya boksi ina uwezo wa kufanya zaidi ya hapo mara kadhaa, ila imefungwa na leseni, kwahiyo ndani ya sekunde ile wa 501 anatupwa nje, akibonyeza tena anaongeza mzigo, na wengine hivyo hivyo.

Usiku ule tuliokolewa na mipangilio miwili tu. Wa kwanza, kuna mtu miaka ya nyuma alizima ile hali ya muunganisho kubaki wazi, kwahiyo kila picha na kila faili dogo la ukurasa lilikuwa linafungua muunganisho mpya na kupigana handisheki upya. Wa pili, boksi lilikuwa halikumbuki mteja aliyeshapita, yaani mtu akirudi baada ya dakika moja anaanza handisheki nzima kama mgeni. Nikawasha vyote viwili. Ndani ya dakika chache ule mstari kwenye logi ukakatika na hatukununua kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza hivi tulichonunua miaka yote hii ni nini hasa.

Kwa wasiojua kwanini haya maboksi yalikuwepo. Kazi ngumu kwenye SSL haiko kwenye kusimba data inayopita, iko kwenye ile salamu ya mwanzo, handisheki, pale seva inapotakiwa kusaini kwa ufunguo wake wa siri. Miaka ya 2000 mwanzoni CPU za seva zilikuwa zinahema kwenye hiyo kazi kwahiyo kuweka chipu maalumu ilikuwa akili kabisa. Ila mambo yakabadilika. Mwaka 2010 Intel wakaweka maelekezo ya AES (njia ya kusimba data) ndani ya CPU zao za seva, na mwaka huo huo Google wakahamisha Gmail yote kwenye HTTPS, halafu mhandisi wao Adam Langley akaandika wazi kwamba hawakuongeza mashine wala hadiwea maalumu, SSL ilikuwa inakula chini ya asilimia 1 ya CPU kwenye seva zao za mbele. Hiyo ni 2010. Simu niliyoshika sasa hivi ina nguvu kuliko seva nyingi za wakati ule.

Halafu likaja jambo lingine ambalo liliwashika wengi pabaya. Mwisho wa 2013 funguo za RSA (aina ya zamani ya ufunguo wa SSL) za biti 1024 zikaachwa, wote tukahamia 2048. Kusaini kwa 2048 ni kazi ya mara tano au zaidi ya 1024. Boksi lililouzwa kwa namba kubwa ya miamala, namba ile ilipimwa kwa 1024, likageuka dogo bila mtu kuligusa.

Sasa fungua profoma yoyote uliyonayo hapo mezani uangalie ile namba ya miamala ya SSL kwa sekunde. Imepimwa kwa ufunguo gani, RSA au ECDSA (aina mpya iliyo nyepesi kwa seva)? Ni handisheki mpya au za wateja wanaorudi? Chipu inabeba TLS 1.3 (toleo jipya la SSL) yenyewe au ikikutana nayo inarudisha kazi kwenye CPU ndogo ya boksi? Kuna chipu za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya RSA peke yake, ukija na ECDHE (njia ya kisasa ya kukubaliana ufunguo) kazi yote inahamia kwenye CPU na chipu uliyoilipia inakaa tu. Na la mwisho, hiyo namba ni ya chipu au ya leseni? Muuzaji wetu nilimuuliza haya maswali kwa barua pepe, akanijibu moja.

Msimamo wangu naweka wazi: kwa taasisi za ukubwa wetu, boksi lenye chipu ya SSL halina tena sababu. Tunataka kununua seva mbili za kawaida, tuweke HAProxy (programu ya bure ya lodi balansa) na keepalived (inayohamisha IP kwenda seva ya pili ya kwanza ikifa), na hela itakayobaki iende kwenye seva ya tatu ya akiba na mafunzo ya vijana. Naomba mnipinge kwa hoja kabla sijapeleka andiko kwa kamati ya manunuzi.

#2

Mkuu asante kwa uzi. Mimi swali langu dogo, kwanini musiweke lodi balansa ya mawingu mkaachana na haya ya feni na waya? Unalipa kwa mwezi, vyeti wanashughulika navyo wao, mashambulizi wanazuia wao.

#3 Mleta uzi

Mkuu hilo tulilijadili sana. Seva zetu ziko Dar, wananchi wako hapa hapa, na trafiki ya ndani inabadilishana ndani ya nchi. Ukiweka mlango wa mbele Ulaya au Afrika Kusini, mtu wa Temeke anakwenda mpaka huko ndipo arudi Dar. Siku za kawaida hatagundua sana, ila kumbuka tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kwa pamoja. Intaneti Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani ilikuwa kilio. Mfumo wetu siku ile ulikuwa unafunguka vizuri kwa sababu njia nzima iko ndani ya nchi. Mlango ungekuwa nje, seva zingekuwa hai na hakuna wa kuzifikia.

Pia kuna suala la ufunguo wa siri. Anayefungua SSL anaona kila kitu, namba za vitambulisho, majina, malipo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023 hilo swali lazima ulijibu kwa maandishi, na kwetu sisi jibu rahisi ni ufunguo kutotoka kwenye raki yetu. Wenye kurasa za habari au duka la mtandaoni mimi nawashauri waende tu mawinguni, kwao ni sawa kabisa.

#4

Nimefanya kazi upande wa wauzaji miaka kadhaa naomba niseme ukweli bila kuegemea. Mleta mada unasema kweli kwenye SSL ila unasahau kwamba mteja hanunui SSL peke yake. Ananunua WAF (kinga inayochuja maombi mabaya ya wavuti) ndani ya boksi hilo hilo, ananunua iRules (sheria za kuelekeza trafiki kwenye maboksi ya F5) zilizoandikwa miaka kumi ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa, na ananunua namba ya simu ya kupiga saa nane usiku. Pia benki kubwa au kampuni ya simu yenye makumi ya maelfu ya handisheki mpya kila sekunde, maboksi makubwa kama F5 rSeries au NetScaler MPX wanayahitaji kweli. Na seva yako ikifa utampigia nani?

#5 Mleta uzi

Mkuu nashukuru, hoja zako ni za mtu aliyekaa kazini. Kwenye sheria za zamani nakubali, ila nenda kazihesabu. Sisi tulikuwa tunaambiwa haziwezi kuhamishika, nikazichapa kwenye karatasi nikakaa na kalamu jioni mbili. Zaidi ya nusu zilikuwa zinahusu mifumo iliyokwishazimwa. Zilizobaki ni kuelekeza anwani hii kwenye kundi lile la seva, kuongeza kichwa cha X-Forwarded-For (kinachobeba IP halisi ya mteja), kuzuia njia ya utawala isifunguke kutoka nje. Vyote hivyo HAProxy anafanya kwa mstari mmoja mmoja. Taasisi yenye mantiki nzito kweli kwenye iRules, hapo nakuunga mkono, abaki alipo au ajipange kwa mwaka mzima.

Kwenye simu ya saa nane usiku, sisi hapa kipuri kikiharibika kinasafiri. Mkataba unasema siku inayofuata ya kazi lakini kifaa kiko ghala la nchi nyingine, kuna ndege, kuna forodha. Mara ya mwisho pawa saplai ilichukua wiki tatu, tukakaa wiki tatu na mguu mmoja. Seva ya kawaida pawa saplai yake naipata mjini hapa hapa siku hiyo hiyo, na ndio maana nataka ile ya tatu ikae kabatini.

Na usalama tusidanganyane, boksi nalo ni programu ndani. Julai 2020 kulikuwa na shimo la usalama CVE-2020-5902 kwenye ukurasa wa usimamizi wa BIG-IP (lodi balansa ya F5), Mei 2022 ikaja CVE-2022-1388, Oktoba 2023 NetScaler wakapata CVE-2023-4966 ile waliyoiita CitrixBleed ambayo ilikuwa inamwaga vipindi vya watu waliokwishaingia, na Oktoba 2025 F5 wenyewe wametangaza kwamba wadukuzi waliingia kwao wakachukua sehemu ya msimbo wa BIG-IP. Sisemi HAProxy haina mashimo, kila programu inayo. Nasema boksi lisilo na msaada tena halipati kiraka hata kimoja, na leo ndipo tulipo sisi, ndio maana sitaki tuvute muda.

#6

Sasa kaka hapa Nairobi tulihama hivyo hivyo na ikatuchoma sehemu moja, wacha niwaambie. Boksi letu la zamani lilikuwa linamfunga mtumiaji kwa seva moja kwa kuangalia IP yake. Tukahamisha mipangilio vile ilivyo. Shida ni kwamba watu wa simu wanatoka nyuma ya NAT ya mtandao wa simu (inayowafanya wachangie IP), maelfu ya watu IP moja, kwahiyo seva moja ilikuwa imejaa mpaka juu na zingine mbili ziko tu zinaangalia. Tulifikiri ni hadiwea mbovu. Tulikuja kugundua baada ya wiki. Tumieni kuki (alama ndogo inayowekwa kwenye kivinjari cha mtumiaji), musitumie IP.

#7 Mleta uzi

Kaka hii ni dhahabu, na nimeenda kuangalia kwetu nikakuta hivyo hivyo! Asilimia kubwa ya wateja wetu wako kwenye simu, na seva ya pili ndiyo ilikuwa inabeba karibu wote. Miaka yote tumekuwa tukiilaumu ile seva, tumeshaibadilisha hata memori. Nitaweka kuki inayoandikwa na HAProxy mwenyewe.

Naongeza na jingine linalofanana. Taarifa za malipo zinazorudi kutoka mitandao ya simu zinatoka kwenye IP chache sana na hazibebi kuki. Hizo zitengenezee mlango wao, zigawanywe kwa zamu, na usiziwekee kile kizuizi cha maombi mengi kutoka IP moja, la sivyo siku ya malipo mengi utawazuia watu wako mwenyewe, mtu amekatwa hela na mfumo unasema hajalipa.

#8

Mkuu tupe vipimo vya hizo seva basi, na ulipimaje mpaka ukajua zinatosha? Mimi nipo Zanzibar tuna hali kama yenu, na hapa chumvi inakula vifaa, boksi la miaka minne unakuta kutu kwenye skurubu.

#9 Mleta uzi

Kupima ni rahisi na ndiyo sehemu ninayoomba kila mtu aifanye kabla ya kuita muuzaji. Kwanza hesabu handisheki zako kwenye saa mbaya kuliko zote za mwaka, usichukue wastani, na tenganisha mpya na za wanaorudi. Sisi hata ile siku ya mwisho, baada ya kurekebisha ile mipangilio miwili, handisheki mpya hazikufika 400 kwa sekunde. Halafu chukua seva yoyote uliyonayo, andika openssl speed rsa2048 ecdsap256, subiri kama dakika moja. Kori moja ya kisasa itakupa saini za RSA 2048 elfu moja na kitu mpaka elfu mbili kwa sekunde, na za ECDSA P-256 makumi ya maelfu. Kori moja hiyo. Nilipoiona mara ya kwanza nilirudia nikidhani nimekosea.

Kwahiyo cheti cha ECDSA peke yake ni kama kununua hadiwea mpya. HAProxy anaruhusu uweke vyeti viwili kwa jina moja, ECDSA kwa wanaoweza na RSA kwa simu za kizamani, anachagua mwenyewe kutokana na mteja alivyosema.

Seva tunazotaka ni za soketi moja, kori 16 zenye mwendo mkubwa kuliko kori nyingi zenye mwendo mdogo, memori ya ECC giga 64, kadi ya mtandao ya giga 10 yenye milango miwili, pawa saplai mbili kila moja na UPS yake. Kuna anayeuliza kadi ya QAT ya Intel (ya kusaidia CPU kwenye kazi ya SSL). Kama umebanwa na RSA na una handisheki maelfu mengi, inasaidia, na Xeon (CPU za seva za Intel) za kuanzia 2023 baadhi zinayo ndani. Sisi hatuihitaji.

Tahadhari moja imenigharimu usiku mzima kwahiyo naisema kwa herufi kubwa: ANGALIENI TOLEO LA OPENSSL, maktaba inayofanya kazi ya SSL ndani ya HAProxy. Linux za Debian 12 na Ubuntu 22.04 zinakuja na 3.0, na hiyo kwenye mashine ya kori nyingi inajigonga yenyewe, kori zinasubiriana. Nilikuwa naongeza nyuzi za HAProxy na kasi inashuka, nikadhani seva mbovu. Watu wa HAProxy wameliandika hili kwa kirefu Mei 2025. Tumehamia Debian 13 yenye 3.5, wengine wanajenga HAProxy kwa AWS-LC (maktaba ya Amazon ya kazi hiyo hiyo) nayo ni nzuri sana.

Na 3.5 ina faida nyingine, inajua ML-KEM, ile njia ya kukubaliana ufunguo inayojikinga na kompyuta za kwantamu. Chrome tayari wanautumia. Salamu ya kwanza ya mteja inakuwa kubwa haingii tena kwenye pakiti moja, na boksi la zamani linaloamini salamu ni pakiti moja linaweza kumkata mteja. Historia hii tunayo, zamani kulikuwa na vifaa vinaganda salamu ikiwa na urefu wa baiti 256 hadi 511, mpaka ikabidi ijazwe baiti za bure, na kuna RFC 7685 (waraka wa kanuni za intaneti) kwa ajili ya hilo tu.

Vyeti navyo. Kuanzia Machi 2026 muda wa cheti unashuka mpaka siku 200, Machi 2027 siku 100, na Machi 2029 siku 47. Sisi tulikuwa tunabadilisha kwa mkono mara moja kwa mwaka, kijana mmoja anajua nywila ya boksi na akiwa likizo tunamsubiri. Kifaa chochote kisichoweza kujichukulia cheti chenyewe kwa ACME (njia ya kuomba na kuhuisha vyeti bila mkono wa mtu) msikinunue, hata kikiwa cha bure.

Ndugu yangu wa Zanzibar, kwa chumvi mimi sina ujuzi wa ajabu. Nachoweza kusema, bei ya boksi moja la profoma ile inatoa seva kadhaa, kwahiyo kutu ikija unabadilisha.

#10

Na keepalived umeijaribu kwa kuchomoa waya kweli au kwa kuzima huduma tu?

#11 Mleta uzi

Swali la mtu aliyeungua hili. Nilianza kwa kuzima huduma, ikahama chini ya sekunde tatu, nikafurahi. Jumamosi nikachomoa nyaya zote mbili za umeme nyuma ya seva ya kwanza, feni ikanyamaza, ya pili ikachukua IP mara moja, na kutoka nje hakuna kinachofunguka. Dakika nne nzima. Ndani ya mtandao wetu kunafunguka, nje hapana. Kumbe ruta ya mtoa huduma imeshikilia anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya seva iliyokufa na haisikilizi tangazo la mpya. Tukawasha MAC ya pamoja kwenye keepalived, seva yoyote ikishika IP inashika na MAC hiyo hiyo. Nikachomoa tena, nimeshika simu mkononi natumia bando langu siyo waifai ya ofisi, ukurasa ukasita kidogo ukafunguka. Nimechomoa mara sita.

#12 Mleta uzi (mrejesho)

Wakuu kamati imepitisha, tumetangaza kwenye NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni) tukaandika kazi inayotakiwa, handisheki ngapi kwa ufunguo gani, bila kutaja jina la kampuni, na waliojitokeza ni wengi kuliko mwanzo. Seva tatu zimefika. Tumehamisha Jumamosi usiku, kwanza jina moja dogo la majaribio, halafu mfumo wa malipo, wa mwisho ukurasa mkuu. Yale maboksi bado yako kwenye raki yamewashwa kwa wiki mbili, ikitokea shida tunarudisha IP.

Leo ni siku ya tisa. Saa ya mzigo mkubwa jana CPU ilikuwa chini ya asilimia 5, na seva tatu za nyuma sasa zinabeba sawasawa, ile tuliyokuwa tunailaumu ni nzima haina tatizo. Mkuu wa #4 alikuwa sahihi kwenye jambo moja, WAF ilibidi tuitafute pembeni na bado tunaipima, hiyo sijaridhika nayo.

Walioomba faili la mipangilio, nalisafisha niondoe IP na majina yetu, kesho jioni naliweka hapa hapa.